Mashauri ya Safari ya Gofu

Wengi katika ndugu zetu wakilisikia neno gofu huwajia picha ya mtu mwenye tumbo na kofia nyeupe, atembeaye juu ya majani yaliyokatwa vizuri, na nyuma yake kijana mwembamba amechukua mfuko mzito. Picha hiyo si ya uongo. Mchezo huu uliletwa kwetu na Wazungu: Nairobi ilipata klabu yake mwaka 1906, Mombasa ikafuata mwaka 1911 kwa kiwanja cha mashimo 9 kitazamacho bahari, na Nyali mwaka 1956, na katika enzi za ukoloni mwenyeji aliingia viwanjani humo kwa mlango wa kazi tu, ama kukata majani ama kuchukua mizigo. Walakini mambo yamegeuka, na leo si ajabu kumwona mwalimu, karani wa bandari na muuza vipuri vya magari wakingoja zamu yao Jumamosi asubuhi. Sisi tu wanane wa namna hiyo. Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari ya safari tunayoipanga, wala si kwa kujifakhiri, bali kwa kuwa katika kuipanga yalizuka mambo ambayo twadhani huzuka katika kila jamaa ya marafiki watakapo kwenda mahali pamoja na hali mifuko yao si mamoja.

Katika wanane hao yumo Mzee wetu, ambaye hatutamtaja jina kwani hapendi. Alianza kuchukua mifuko ya fimbo za watu mwaka 1966, akiwa mtoto wa miaka 11, miguu mitupu. Kupiga mpira alijifunza kwa tawi la mti lililopinda, wakati wa jioni, wenye mchezo wakisha kwenda zao. Sasa amekwisha timiza miaka 70, na miongoni mwetu hapana amkaribiaye kwa ustadi. Anaishi kwa kodi ya chumba kimoja alichokipangisha na kwa kazi ndogo ya kutengeneza fimbo zilizovunjika. Yumo pia Bwana mmoja wakala, mwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, mtu mkarimu mno, mwenye sauti kubwa, ambaye kwa miaka 12 amekuwa akiilisha bahari mipira yake. Waliobaki sisi tu watu wa katikati: mwalimu mstaafu, tabibu wa meno, ndugu wawili wenye duka, fundi wa simu, na mwenye kuyaandika haya kwa idhini ya wenziwe.

Wazo la safari lilitoka kwa Bwana wakala, na lilitoka likiwa kamili kama mkate utokao tanuuni. Twende, alisema, tukae hotelini siku nne, palipo na kiwanja cha mashimo 18, tucheze asubuhi, tuogelee mchana, na usiku tuzungumze mpaka tuchoke. Kila mmoja akachangia pahali. Mmoja akataka Naivasha, na sote twajua sababu yake: ana koti zito alilolinunua safarini Ulaya na Mombasa hapati pa kulivalia. Wengine wakasema Vipingo, upande wa kaskazini, katika kaunti ya Kilifi, ambako ardhi iliyokuwa ya mkonge imegeuzwa uwanja mzuri ulioitwa kwa jina la mibuyu, na ambako mwaka 1919 ungelimwambia mtu kuwa wanawake wa Ulaya watakuja kushindania zawadi ya gofu angelikucheka. Nao walikuja mwaka 2019. Mwisho tukakubaliana Diani. Ni karibu, kama kilomita 30 kusini ya mji; kiwanja chake ni cha mashimo 18 na kipimo chake ni mikwaju 72; na mtu asiyependa kungoja kivuko cha Likoni leo anayo barabara ya Dongo Kundu ya kuzungukia.

Basi hesabu ikaandikwa: vyumba, chakula, ada ya kiwanja, vigari vidogo vya kubebea wenye magoti mabovu, na mafuta ya gari. Karatasi ikazunguka. Ilipofika kwa Mzee aliitazama kitambo, akaikunja kwa adabu, akampa jirani yake, akasema ya kwamba siku hizi mgongo wamsumbua na huenda asiweze safari.

Hapakuwa na mtu aliyeuamini mgongo ule. Jumamosi iliyotangulia tulimwona akiinama mara 70 na zaidi pasi na kuguna. Bwana wakala, ambaye moyo wake hutangulia ulimi wake na ulimi wake hutangulia kila kitu, akasema pale pale mbele ya wote: "Mzee wangu, wewe usijali, yako yote ni juu yangu." Alikusudia wema. Lakini uso wa Mzee ulifunga kama dukani saa ya sala, na mashauri ya siku ile yakaishia hapo.

Hapa hapana budi tueleze jambo moja la mchezo wenyewe, kwani bila hilo maneno yaliyofuata hayataeleweka. Katika gofu kila mchezaji hupewa hesabu iitwayo handikapu, nayo ni idadi ya mikwaju anayosamehewa kwa kadiri ya udhaifu wake. Tangu mwaka 2020 nchi za dunia hutumia utaratibu mmoja, na upeo wake ni 54, hapana mtu apewaye zaidi ya hapo. Viwanja navyo hupimwa ugumu wake. Kilicho cha wastani huhesabiwa 113, na kikiwa kigumu zaidi mchezaji huongezewa msamaha. Mzee wetu handikapu yake ni 6, ya Bwana wakala ni 28. Wakicheza wawili, Mzee humwachia mwenziwe mikwaju 22: mmoja katika kila shimo la yale 18, na wa pili katika mashimo manne yaliyo magumu kupita yote. Kwa njia hiyo mjuzi na mwanafunzi huweza kushindana asubuhi nzima, na mwanafunzi akashinda kwa haki wala asionewe huruma. Hatujui mchezo mwingine uwezao hivyo. Katika kandanda mtoto akicheza na bingwa hufungwa, kisha hufungwa tena.

Juma la pili Bwana wakala alimwendea Mzee kwa heshima, na safari hii kwa sauti ya kawaida ya watu, akamwambia: "Mzee, miaka 12 nachukua mikwaju yako kila Jumamosi, na sijaona haya hata siku moja. Kwa nini wewe uone haya kuchukua shilingi zangu mara moja?"

Mzee akamjibu: "Mwanangu, mikwaju ile siyo mimi nikupaye. Imeandikwa katika kanuni, na lau ningelitaka kukunyima nisingeliweza. Hizo shilingi zako hazikuandikwa popote. Nikizila, kila nikikutazama nitaziona."

Tuliyasikia maneno hayo sote tuliokuwa karibu, na twakiri ya kuwa yalitutia katika kufikiri kuliko hotuba nyingi tulizozihudhuria. Mtu hakatai kusaidiwa. Alikataa kusaidiwa na fulani. Tofauti hiyo ni ndogo kwa mtoaji, naye aghalabu haioni kabisa, lakini kwa mpokeaji ndiyo yote. Baadhi yetu walishauri safari ipunguzwe mpaka iingie katika mfuko wa Mzee. Tukaona kwamba hilo nalo ni namna ya kumwaibisha, kwani kila mtu angelijua ni kwa ajili ya nani tunakula mihogo. Wengine wakashauri kila mtu atoe kiasi kimoja kila mwezi, kidogo kidogo. Ni shauri zuri kwa karatasi, ila 3,750 kwa mwezi kwa mtu mmoja ni kikombe cha kahawa na kwa mwingine ni umeme wa nyumba.

Mwalimu ndiye aliyetufungulia. Alitueleza kuwa neno hilo la Kiingereza, handikapu, asili yake si mchezo kabisa, ni biashara. Hapo kale, katika karne ya 17, watu wawili wakitaka kubadilishana vitu visivyolingana thamani, tuseme saa kwa joho, walimweka mtu wa tatu akadirie tofauti ya kulipwa. Kisha huingiza mikono ndani ya kofia na kuitoa, na kwa mkono wenye fedha au mkono mtupu ikajulikana kama wamekubali ama wamekataa, pasi na mmoja kumtangulia mwenziwe. Likaitwa jambo hilo "mkono ndani ya kofia". Baadaye watu wa mbio za farasi wakalichukua neno wakalitumia kwa kuwasawazisha farasi wenye nguvu na wanyonge, na kwao ndiko gofu ilikolipata. "Basi," akasema Mwalimu, akaivua kofia yake ya mkono kichwani, "neno hili tulirudishe kofiani."

Kanuni zikaandikwa siku ile ile. Safari nzima ikadiriwe shilingi 240,000, yaani 30,000 kila mwezi kwa miezi minane. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi kofia itazunguka, na kila mmoja atatia mkono uliofumbwa na kuutoa uliofumbua. Mtunza fedha atahesabu jumla tu. Asiwepo wa kupeleka mchango kwa simu, kwani simu huandika jina. Na kama mikwaju ilivyo na upeo, mchango nao uwe na upeo: mtu asitie zaidi ya 7,500 kwa mwezi, ili safari isije ikawa mali ya mtu mmoja na sisi wengine wageni wake. Tabibu wa meno akauliza: na akitokea bahili akauficha ubahili wake humo humo? Mwalimu akasema, "Mwache aufiche. Tutamtambua mezani."

Mzee alikuwa kimya muda wote. Mwisho akauliza, "Na mkono mtupu?"

"Mkono mtupu nao umeingia," akajibiwa.

Akasema atazungumza na mgongo wake.

Kuanza tulianza mwezi wa Februari, wala si Januari, na sababu yake yatoka majumbani. Wake zetu walipopewa habari walizipokea kwa namna mbalimbali, ila mmoja aliuliza swali ambalo hapana aliyeweza kulijibu upesi: mbona fedha za gofu zimepatikana, na za tangi la maji tangu mwaka juzi zatafutwa? Swali hilo tulilileta katika kikao, likawa kanuni ya kwanza juu ya zile nyingine, kwamba Januari ni ya karo za watoto, na asiye na amani na nyumba yake asitie kitu kofiani mpaka aipate. Tangi hilo sasa limekwisha nunuliwa. Twasikia kuwa ni kubwa.

Ama wakati wa kusafiri, tumeuweka mwanzo wa Oktoba. Masika hoteli za pwani hupunguza bei, lakini mtu apungukiwaye bei huongezewa mvua, na mpira uliozama katika majani mabichi ni mpira wa kuliliwa. Agosti na Desemba ni miezi ya wageni. Demani ndiyo nzuri: kusi imechoka, kaskazi haijafika, na upepo hauuchukui mpira wa Bwana wakala mbali kuliko anavyouchukua mwenyewe.

Hoteli nayo tumeiacha, ila kiwanja chake. Wengi hawajui kuwa kiwanja cha hoteli huchezwa pia na asiyelala hapo, akilipa ada ya siku. Diani zimo nyumba nyingi za kukodi zenye mpishi wake. Tumepata moja ya vyumba vinne, kwa usiku mbili badala ya nne, na jiko ni letu. Kwa hivyo hapana shaka juu ya nyama, wala hatulazimiki kukaa mezani karibu na chupa za watu. Mchele na viungo tutavitoa mjini, samaki twanunua kwa wavuvi asubuhi. Mmoja wa wale ndugu wawili alinung'unika kwa kuwa alikwisha nunua suruali ya kuogelea. Akaelezwa ya kuwa bahari ya Hindi ingalipo.

Sala hazikutupa taabu. Tu watu wanane, yaani makundi mawili ya wanne wanne, la pili likianza dakika 10 nyuma ya la kwanza. Tukianza saa 1 asubuhi, na mashimo 18 yakachukua saa nne na nusu, twamaliza kabla ya saa 6, na Adhuhuri mwezi huo ni kama saa 6 na robo. Fundi wa simu aliuliza kama sala zitapunguzwa. Akajibiwa kuwa kilomita 30 si safari ya kupunguzia sala, ni safari ya mnunuzi wa samaki.

Penye mjadala mrefu zaidi palikuwa ni dau. Wachezaji gofu wana ada ya kuweka fedha kidogo juu ya mchezo, na mmoja wetu akasema shilingi 500 kila mtu, mshindi azoe, si kitu. Hukumu ya jambo hilo yajulikana, kamari ni kamari hata ikivaa glavu, na hatukuihitaji fatwa. Lakini hata kwa mchezo wenyewe tuliona ubaya wake. Tumewahi kuwatazama watu wakicheza kwa dau katika viwanja: kwenye pigo la mwisho la karibu na shimo, mpira ukiwa hatua mbili tu, mwenye nazo hupiga akicheka, na asiye nazo mikono yake hukauka. Handikapu imewasawazisha asubuhi nzima, kisha noti moja ikaja kuwatenga mwishoni. Tukaliondoa. Mshindi atapewa kiti cha mbele garini wakati wa kurudi, karibu na dirisha, wala hatalazimika kushika sufuria.

Mzee hakuomba lolote katika hesabu hizi, ila jambo moja. Aliona kuwa katika karatasi ya kwanza ujira wa wachukuzi wa fimbo haukuandikwa. Tulidhani kila mtu atampa kijana wake chochote akipendacho mwisho wa mchezo, kama desturi ilivyo. Akaikataa desturi hiyo. Alisema yeye alisimama sana nje ya mlango wa klabu akingoja mtu amalize soda yake ndipo akumbuke kuingiza mkono mfukoni, na kuna siku mtu hakukumbuka. Siku hizo nauli ilikuwa ni miguu. Akataka ujira wao uwekwe ndani ya hesabu tangu sasa, uwe sawa kwa wote wanane, kijana wa mchezaji hodari na kijana wa mchezaji dhaifu, tena wa mchezaji dhaifu ndiye atembeaye zaidi, na ulipwe mashimo yanapomalizika, kabla hatujakaa kunywa maji. Kila mtu aliitazama meza. Kifungu kikaandikwa, na kwa ajili yake tukaondoa vigari viwili, tukabakisha kimoja kwa magoti ya Tabibu.

Kofia imekwisha zunguka mara tano. Mwezi wa kwanza zilitoka shilingi 26,450, na palikuwa na kimya kizito, kila mmoja akiogopa kumtazama jirani yake. Mwezi wa pili 31,200. Mwezi wa tatu zilitoka 41,000, na tunashuku kuwa kanuni ya upeo ilivunjwa mara ile, kwani Bwana wakala aliitazama dari muda mrefu na dari ile haina cha kutazamwa. Lakini hapana awezaye kuthibitisha, na ndivyo tulivyotaka. Mwezi wa nne 29,800, wa tano 30,550. Jumla ni 159,000. Zimebaki 81,000 na miezi mitatu, yaani 27,000 kwa kila mwezi.

Mzee hajakosa hata mzunguko mmoja. Mkono wake huingia ukiwa umefumbwa kama mikono yote, hukaa humo kadiri ya mikono yote, na hutoka. Ameagiza aletewe karatasi ya hesabu ya kiwanja cha Diani, ameibandika ukutani juu ya meza yake ya kutengenezea fimbo, na kwa penseli ameyazungushia duara yale mashimo manne ambayo atampa Bwana wakala mikwaju miwili. Lililobaki ni nani atalala chumba kimoja na Bwana wakala huyo, ambaye akikoroma husikika mpaka barabarani. Tumeamua kupiga kura, na kwa kura hiyo pia tutatumia kofia ya Mwalimu.